Namba Nilizoziruka

Kuna kisa kimoja cha Kisauni ambacho wazee wenzangu hupenda kukisimulia msibani, kahawa ikishapita mara ya pili na watu wanatafuta la kuchekea, kisa cha kijana aliyekwama ndani ya sweta mbele ya kanisa zima, na kila kinaposimuliwa mimi hucheka pamoja nao, kwa sababu kijana huyo ni mimi na hakuna asiyejua. Kukwama kwenyewe hakunisumbui tena. Kinachonisumbua ni kwamba wanakisimulia vibaya. Wanasema mama yangu alikosea vipimo, na mimi miaka yote hii nimewaacha waseme hivyo. Sasa nakisimulia kama kilivyokuwa, aibu iende kwa mwenyewe.

Ulikuwa wakati wa vita. Kaka yangu Karisa alikuwa amechukuliwa jeshini, na barua yake ya mwisho ilitoka mahali pa milima ambako, alisema, asubuhi maji huwa yameganda ndooni (mama alinifanya nisome hapo mara tatu, hakuamini kwamba maji yanaweza kufanya hivyo yenyewe). Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari mwezi wa Desemba, wa kwanza katika mtaa wetu, nasubiri kuitwa kazi ya ukarani mjini, na sikuwa na la kufanya ila kukaa kitini na suruali iliyopigwa pasi, nikingoja mtu aniulize jambo.

Basi mke wa padre wetu wa Kianglikana akaleta uzi. Ulikuwa uzi wa sufu, rangi ya majani makavu, wa kufumia askari sweta, na akina mama wa kanisa letu walipewa wa sweta saba tu, wala hapakuwa na tamaa ya kuongezewa, kwa maana wakati ule hata sindano za kufumia zilikuwa shida, wakafumia spoki za baiskeli zilizosuguliwa ncha kwenye saruji. Mama ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mke wa padre akasema kwamba mwenye mtoto au mume jeshini anaweza kushona jina la mtu wake ndani ya sweta, nayo itamfikia yeye hasa. Kwa mama, basi, zile sita zilikuwa kazi ya kanisa, na ya saba ilikuwa Karisa.

Pamoja na uzi ilikuja karatasi ya maelekezo, imeandikwa kwa Kiingereza, na juu yake picha ya Mzungu na mwanawe wa miaka kama minane, wamevaa sweta za namna moja, wanacheka.

"Mpeni karani atusomee," akasema Mama Nyamvula, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye mdomo usiopumzika, aliyeanza kuniita karani kabla hata kazi sijaipata. "Miaka yote hiyo darasani, sasa tuone faida yake."

Nikaichukua. Kiingereza nilikijua, lakini kile hakikuwa cha shuleni, kilikuwa vifupisho na namba, na kila penye kipimo paliandikwa namba moja, kisha mbili nyingine ndani ya mabano. Sikujua zile za mabanoni ni za nini. Nyumbani kwa mke wa padre ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, naye ni mtu mpole, angenieleza kwa dakika mbili na nikarudi kabla chai haijapoa. Lakini wanawake saba walikuwa wamekaa mkekani wananitazama mdomoni, na mwalimu wetu mmoja alikuwa ametufundisha kwamba maneno ya mabanoni ukiyaondoa sentensi haiharibiki, basi nikaziruka. Hilo ndilo kosa, lilianza dogo kiasi hicho. Nikasoma ile namba ya kwanza tu, kila mahali, kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani: vitanzi sabini na viwili, safu kumi na sita, punguza viwili kila upande, nao wakafuata.

Joto la kaskazi ya mwaka ule lilikuwa kali, na nyumba yetu ikawa nyumba ya sufu. Sufu ndani ya mchuzi, sufu kwenye ndevu za baba akirudi kutoka kazini Kilindini, na dada yangu mdogo Sidi, aliyekuwa darasa la tatu, akitumwa dukani alikuwa anafika huko na uzi umemfuata toka mlangoni. Akina mama walifuma asubuhi kabla jua halijapanda, mikono wameipaka unga wa muhogo ili jasho lisishike uzi, na nazi ya mchana aliikuna mwenye zamu peke yake, wengine wasije wakaacha safu katikati. Walizungumza juu ya watoto wao, juu ya mchele usiopatikana, juu ya nani mjamzito na nani anasingizia. Mimi nilikaa kitini nikasoma. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha.

Wiki ya tatu mama alitoa shati la Karisa sandukuni, akalitandaza mkekani, akaweka juu yake kipande cha mbele cha sweta alichokuwa amekimaliza. Shati lilizidi kwa vidole vinne kila upande.

"Yona," akaniita, "hebu njoo utazame. Karisa atavaaje hii?"

"Sufu huvutika, mama."

"Huvutika vidole vinane?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Akaichukua ile karatasi, ambayo hakuweza kuisoma, akaitazama picha kwa muda mrefu. "Na huyu mtoto wa pichani," akasema, "vipimo vyake viko wapi?"

Mama yangu, ambaye hakuketi darasani hata siku moja, aliliona jambo lote pale pale kwa kutazama picha. Na mimi, kwa kuwa Mama Nyamvula alikuwa ameacha kufuma anasikiliza, nikamjibu mbele ya wenzake: "Picha ni urembo tu. Mama, kati yako na mimi, nani aliyesoma?"

Mama akalikunja shati taratibu, akalirudisha sandukuni, akaja akakaa akaendelea kufuma vile nilivyomsomea. Hakupima tena.

Siku ya kukabidhi ilikuwa Jumapili baada ya ibada, uwanjani mwa kanisa, meza imetandikwa kitambaa cheupe, na akina mama wa Changamwe na Likoni wamekuja na kazi zao. Sanduku lilikuwa lifungwe siku ile ile, kwa sababu Jumatatu linapelekwa melini. Mke wa padre akainua sweta ya kwanza ya kwetu, akaigeuza ndani na nje, akatabasamu kwa dhati.

"Kazi safi sana, Mama Karisa. Hizi za watoto mmemfumia nani?"

"Ni za askari, memsabu," akasema mama.

Hapo bado ningeweza kukaa kimya, na leo ningekuwa na aibu ndogo tu. Badala yake nikapenya mbele. "Huvutika!" nikasema, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, na kabla hajanijibu nikachukua iliyokuwa juu ya fungu, niivae waone. Sikuitazama ni ipi. Ilikuwa ya mama, ile yenye jina la Karisa limeshonwa ndani ya shingo kwa uzi mwekundu.

Mikono iliingia ikafika viwiko ikagoma. Kichwa kiliingia kikafika kwenye tundu la shingo kikagoma. Nikabaki nimeinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku, sioni mbele wala nyuma, jua la saa sita linanipiga juu na sufu inanichoma ndani, na nilipojaribu kurudi hatua moja nikaivaa meza, tukaanguka pamoja, mimi na kitambaa cheupe na kazi yote ya Likoni.

"Mama wee, karani kafungwa!" Sauti ya Mama Nyamvula ningeitambua hata ndani ya kaburi. "Mtoeni huyo, ataiva!"

Uwanja mzima ukacheka. Wanaume wawili wakanisimamisha wakanivuta mikono, huyu huku na huyu kule, sweta haikutoka wala haikuingia. Nikapiga kelele, "Maji! Nipeni maji!" na maneno hayo yalisikika vizuri, mtu mmoja akajibu kwamba yanaletwa. Nayataja kwa makusudi. Kwa sababu mara baada yake nilimsikia mke wa padre akiuliza, "Lakini nani aliyewasomea karatasi?"

Mimi nilikuwa ndani ya giza lile, na sauti yangu, kama mlivyosikia, ilikuwa nzima.

"Ni mimi niliyepima, memsabu," akasema mama. "Macho yangu siku hizi si mazuri. Wenzangu walifuata vipimo vyangu."

"Wewe Mama Karisa!" akadakia mwanamke mmoja wa Changamwe. "Umezaa askari, na kifua cha askari hukijui?"

"Nimekosea," akasema mama.

Wale wenzake sita walijua vizuri nani aliyesoma, hata Mama Nyamvula alijua, lakini mkubwa wao alikwisha sema, nao wakanyamaza. Nikanyamaza na mimi. Kisha nikamsikia mama akiomba mkasi. Chuma kikanigusa utosini, akaanza kukata kutoka shingo ya sweta kushuka chini, polepole asije akanijeruhi, na kila uzi ulipokatika niliusikia. Nilipoona mwanga, uso wake ulikuwa karibu na wangu, wala hakunitazama. Alikuwa anatazama nyuzi mikononi mwake. Sweta iliyofumuliwa hufumwa tena. Iliyokatwa haifumwi.

Baadaye, pembeni, mke wa padre alinionyesha kwa kidole: namba ya kwanza ni ya mtoto wa miaka minane, ya pili ya kijana, ya tatu ya mtu mzima. Alinieleza kwa dakika mbili, kama nilivyojua kwamba angenieleza. Sanduku likafungwa bila sweta hata moja ya Kisauni. Uzi mwingine haukuletwa, na zile sita wakapewa watoto wa mtaa, wakati wa baridi ya kusi ulipofika wakazivaa kila siku, basi mwaka mzima kila nilipotoka nyumbani nilikuta kosa langu linakimbia njiani kuelekea Mjambere, linafukuza mbuzi.

Nilijiambia nitasema kesho yake. Nilijiambia nitasema Jumapili ijayo. Nikaitwa kazini mjini, nikawa navuka daraja la Nyali asubuhi na jioni, na nafasi ya kusema ikawa kila siku haipo.

Kisha ikaja barua ya Karisa. Barua zote za nyumbani nilizisoma mimi tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo nikasogeza kiti. Mama akaifungua kwa kisu, akaita, "Sidi!"

"Abee, mama."

"Njoo unisomee."

Sidi alisoma silabi moja moja, kidole juu ya karatasi, akikosea na kurudi, mimi nimekaa hatua nne kutoka kwao. Karisa aliandika kwamba sanduku la kutoka pwani lilifika, wenzake wakaitwa majina wakachukua vyao, yeye hakuitwa. Aliuliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

"We Mama Karisa," akasema Mama Nyamvula, aliyekuwa amekuja kuomba moto, "mbona wamtesa mtoto na msomi huyu hapa?"

Mama hakuinua sauti. "Huyu husoma ayatakayo yeye. Mimi nataka yaliyoandikwa. Sidi, endelea."

Karisa alirudi salama vita vilipokwisha, akapata kazi, akaoa, na hakuniuliza kitu. Mama ndiye aliyebaki na jina baya. Kila palipokuwa na kazi ya kushona au kufuma, hata ya mashuka ya kanisa, palikuwa na mtu wa kusema kwa utani kwamba Mama Karisa asipewe kupima, naye alicheka kidogo akawapisha. Wenzake sita wamekwisha fariki, mmoja baada ya mwingine, na siri yangu wameondoka nayo. Tangu hapo mtu akiniuliza jambo nisilolijua husema silijui, hata mbele ya wajukuu, na sitaacha kusema hivyo maadamu nina ulimi. Lakini hiyo ni toba ya mtu aliyekwisha pata faida ya kunyamaza.

Nilimwomba mama msamaha nikiwa nimekuwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Nilikwenda kwake asubuhi moja, nikamwambia yote, kuhusu mabano, kuhusu nusu saa ya mwendo ambayo sikutaka kuitembea, kuhusu nilivyoomba maji na nisiseme neno lingine. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikusamehe siku ile ile, mkasi ungali mkononi."

Nikashusha pumzi. Juu ya meza palikuwa na barua iliyofika jana yake, haijafunguliwa, na nikanyoosha mkono kuichukua nimsomee.

"Iache, mwanangu," akasema kwa upole. "Sidi anakuja Ijumaa."