Nakala za Mzee Habibu

Mzee Habibu Mbwana alifanya kazi ya kompyuta serikalini miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakupoteza faili hata moja. Najua, kwa sababu nilikuwa chini yake na alinitesa. Kila jioni ilikuwa lazima tunakili kazi yote ya siku na kuipeleka jengo jingine. "Wambura," alikuwa akiniambia, "nakala inayolala chumba kimoja na faili lake si nakala." Alipostaafu tulimpikia pilau, tukashusha pumzi.

Kumbe kazi hakuiacha, aliihamishia kwenye miti. Kwake Nkuhungu, hapa Dodoma, alipanda mijohoro na mizabibu, akanunua brashi na rangi, akawa anachora kila mti kana kwamba anautengenezea pasipoti. Kila Ijumaa baada ya swala alipanda baiskeli akapotea hadi magharibi. Mkewe Mwanahawa, ambaye sisi tulimwita Mama Mwanahawa kwa heshima, aliambiwa ni mazoezi ya kisukari. Sawa, lakini mgonjwa gani wa kisukari anabeba msumeno na ndoo ya rangi? Halafu kulikuwa na kanga. Kila Idi alinunua doti mbili za aina moja. Moja alimpa mkewe. Ya pili haikuonekana tena.

Alipofariki mwaka jana, msibani alitokea mzee mmoja tusiyemjua, akalia kutushinda wafiwa. "Sasa Ijumaa atakuja nani kwetu Zuzu?" Mama Mwanahawa, aliyekuwa ndani na wanawake wenzake, akasikia.

Alikaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki kwenda popote, kazi yake ni kumuwaza mke mwenza aliyevaa kanga sare na zake.

"Shikamoo, mama," nilimsalimia siku moja.

"Marahaba. Wambura, ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mama."

"Mwongo. Mlikuwa ofisi moja. Kama alikuwa na mtu, niambie. Nitamsamehe au sitamsamehe, lakini nijue ninamlilia nani."

Alikuwa hajatoa hata chozi moja tangu msiba. Niliona uchungu, nikashindwa kunywa chai yake.

Eda ilipokwisha, kesho yake asubuhi tukaenda Zuzu. Haikuwa kazi kumpata yule mzee wa msibani. Jina lake Bartolomayo, mtunza kiwanja cha Mzee Habibu, akatupokea langoni kwa salamu ya Kigogo. "Mbukwenyi, karibuni ndani." Tulipoingia Mama alinishika mkono kwa nguvu. Ilikuwa Nkuhungu tupu. Mijohoro saba kwa mstari ule ule, mizabibu kwenye kona ile ile, na benchi lile lile lililovunjika mguu wa kushoto.

"Na huu mguu?" nikauliza.

"Wa kwenu ulipovunjika, akaja kuuvunja na huu. Tawi likianguka kwenu, anakuja kukata la hapa. Mimi nilimgomea kwa mbuzi tu. Wa kwenu alipovunjika pembe, alitaka tumvunje na huyu. Tulinuniana wiki mbili! Mwisho akaipaka pembe rangi ya anga, ili isionekane."

Mbuzi alikuwa palepale, na pembe moja ya bluu. Ilionekana vizuri sana.

Mama hakucheka. "Mwanamke mwenyewe yuko wapi?"

"Mwanamke gani, mama?" Bartolomayo alishangaa, akatufungulia chumba.

Ukutani zilikuwa picha zile zile za miti tulizozizoea kule Nkuhungu. Mezani doti tisa za kanga, hazijakunjuliwa hata moja. Juu yake daftari. Mama alikuwa amesahau miwani, nikamsomea mimi.

"Mjohoro wa kwanza: nakala ipo. Benchi: ipo. Mbuzi: ipo, isipokuwa pembe. Kanga za Mwanahawa: zipo." Nikafungua ukurasa uliofuata. "Mwanahawa: nakala hakuna."

Chini yake palikuwa na mistari mingine, kwa kalamu tofauti tofauti, mwaka baada ya mwaka. "Bado hakuna." "Bado hakuna." "Bado hakuna. Mpeleke akapime presha."

Mama Mwanahawa alitoka nje, akakaa kwenye lile benchi la miguu mitatu, akalia kwa sauti. "Mpumbavu," alisema. "Mpumbavu kabisa huyu mwanamume. Angeniambia." Bartolomayo akamletea maji. Mimi nikajifanya namwangalia mbuzi.

Wiki iliyofuata upepo ulivunja tawi la mjohoro wa tatu kule Nkuhungu. Ijumaa baada ya swala simu yangu ikaita.

"Wambura," alisema Mama, "njoo na msumeno. Tumechelewa Zuzu."