Bwana Nihei Hali Mpaka Apige Picha

Saa moja asubuhi, wakati watu wa mji wetu wa Kitakata wameinamia mabakuli yao ya rameni, zile tambi za supu, na kuzifyonza kwa sauti kama inavyompasa mtu mwenye njaa, Nihei Tokuji alikuwa amesimama juu ya kiti cha mkahawa, bila viatu, akilipiga picha bakuli lake kutoka juu.

Hivyo ndivyo alivyozoea kuanza siku. Picha ya juu kwanza. Halafu ya ubavuni, ili mafuta yaonekane yaking'aa. Halafu kijiko cha supu. Halafu ile aliyoipenda kuliko zote: mkono wa kushoto unanyanyua fungu la tambi kwa vijiti mpaka usawa wa pua, mkono wa kulia unapiga. Mvuke ukiziba lenzi, tambi zinarudishwa kwenye supu, lenzi inapanguswa, tambi zinanyanyuliwa tena. Alibeba taa ndogo ya betri na kitambaa cheusi cha kuweka nyuma ya bakuli. Dakika tano zilipita, na siku nyingine hata sita. Ndipo alipokaa, akavaa viatu, akaonja, akakunja uso, akaandika kwenye daftari lake: tambi laini.

Huyo ndiye bingwa wetu. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa msomaji wa mita za maji, akifungua vifuniko vya chuma nyuma ya nyumba za watu na kunakili namba. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza ana maoni gani juu ya kitu chochote. Mita haihitaji maoni. Alipostaafu, mkewe Sadae alimnunulia kamera ili atoke nyumbani akapige picha maua, amwachie sebule yake apumue. Maua yalimchosha kwa wiki mbili. Siku ya kumi na tano alipiga picha rameni aliyokuwa anakula, akaipa maksi, akaiweka kwenye blogu, na mtu mmoja wa mji wa Niigata, Mungu amsamehe, akamwandikia: "Asante, mwalimu."

Mwalimu! Tangu siku hiyo hakushikika. Supu maksi arobaini, tambi thelathini, nyama ishirini, sura kumi. Wasomaji wa blogu walifika mia tatu na kidogo, naye akatembea mjini kama mtu aliyebeba mzani wa taifa. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Kwa miaka mitatu alikuwa amepima mabakuli mia sita, na maneno aliyoyaandika ni ya kumkinaisha mtu chakula. Supu ya fulani "haina dhamira." Nyama ya fulani "imekata tamaa." Na tambi za Anzai, rafiki yake mwenyewe, aliziandikia hivi: "maiti waliosahauliwa mtoni." Maksi hamsini na nane.

Huyu Anzai Kikuo alisoma naye darasa moja. Mkahawa wake aliurithi kwa baba yake, na sufuria za baba yake, na supu ya baba yake ya mifupa ya nguruwe na dagaa wakavu, ambayo hajaibadilisha kwa miaka arobaini. Ni mtu mfupi, mkimya, mwenye shingo nene. Aliposomewa yale ya maiti mtoni alisema "Hm," akaendelea kukata vitunguu.

Upande wa pili wa barabara upo mkahawa unaoitwa Tsubame, wa mama mmoja mjanja, Oyokawa Fumi. Huyo alipata tisini na nne. "Tambi zenye uti wa mgongo," aliandika Nihei. Akiingia, mama Fumi alikuwa anainama mpaka paji la uso linakaribia meza. "Karibu mwalimu! Meza yako ya dirishani iko wazi, mwalimu!" Na mwalimu, aliyekwisha kuvikwa kilemba cha ukoka, alikuwa anapanda kitini akiwa amevimba kuliko chura.

Sasa mwaka huo chama cha wenye mikahawa kiliamua kuchapisha kijitabu cha mikahawa mitano tu, cha kuwagawia wageni wanaoshuka kwenye mabasi siku za mapumziko. Kila mkahawa picha moja na sentensi moja. Waamuzi watatu wangekaa meza moja wale siku moja, na Nihei alikuwa mmojawao, kwa sababu picha zote zilikuwa zake. Mjini kwetu mkahawa usiopata wageni wa mabasi unabaki na wazee wanaokuja kusoma gazeti la bure. Binti wa Anzai, Natsuki, alikuwa ameacha kazi yake mjini Sendai aje ajifunze kwa baba yake, na wawili hao walikuwa wamekubaliana: wasipoingia kwenye kijitabu, mwezi wa tatu wanafunga. Kila mtu alilijua hilo. Nihei pia, maana Sadae alimwambia wakati wa chakula cha jioni.

"Rafiki yako Kikuo atafunga, unajua?"

"Mwamuzi hana rafiki," Nihei akajibu huku anapangusa lenzi.

"Mwamuzi! Juzi ulinisimamisha dukani nusu saa, ukashindwa kuamua soksi."

"Wewe hujui rameni, Sadae."

"Mimi najua kula. Chakula kikiletwa nakula. Hebu jaribu siku moja."

Alirudi kwenye lenzi yake. Aliona uchungu, lakini si wa kumhurumia Anzai. Aliumia kwamba mwanamke anayeishi na mwalimu hajui kuwa anaishi na mwalimu.

Siku ya kuonja walikutana kwenye ukumbi wa chama, penye jiko pembeni, na kila mwenye mkahawa alikuja na supu yake kupika pale pale. Mwamuzi wa pili alikuwa mwenyekiti wa chama. Wa tatu alikuwa mzee Hasunuma, mtengenezaji wa tambi, umri miaka sabini na minane, mikono imejaa unga mpaka kwenye mikunjo. Tsubame walipangwa kabla ya Anzai.

Mama Fumi akatoka jikoni na sinia la mabakuli matatu. Bakuli la ukingo wa buluu akaliweka mbele ya Nihei, mengine mawili ya ukingo mwekundu mbele ya wenzake. Hasunuma alikuwa ameshashika vijiti. Nihei alilitazama bakuli lake, akalitazama la mzee, akaguna.

"Samahani mzee. Nyama ya kwako imelala vizuri zaidi. Tubadilishane, kwa ajili ya picha."

"Chukua, chukua," akasema Hasunuma. "Mimi nakula, sichumbii."

"Mwalimu!" Mama Fumi alipaza sauti. "Hilo la buluu ndilo lako, mwalimu!"

"Mama Fumi, bakuli ni bakuli," akasema mwalimu, akavua viatu na kupanda kitini.

Mama Fumi akashika sinia kifuani kwa mikono miwili. Hasunuma akatumbukiza vijiti kwenye bakuli la buluu, akafyonza, akatafuna mara mbili, akaacha kutafuna.

"Fumi. Hizi mbichi."

"Mbona zangu zimeiva sawasawa?" akauliza mwenyekiti mdomo umejaa.

Mama Fumi akazidi kulikumbatia sinia. Nihei hakuwasikia, alikuwa kwenye picha ya ubavuni. Wakamngoja. Alipiga picha ya kijiko, akapiga ya tambi zilizonyanyuliwa, akazirudisha, akazinyanyua tena. Mwishowe akashuka, akavaa viatu, akaonja, akakunja uso kwa huzuni kubwa.

"Laini! Mama Fumi, leo umeniangusha. Uti wa mgongo uko wapi?"

Mzee Hasunuma alimtazama, akayatazama mabakuli matatu, na uso wake ukaanza kufunguka polepole. "Za huyu laini. Za mwenyekiti sawa. Za kwangu mbichi. Fumi, hebu sema."

"Sasa mlitaka nifanyeje?" mama Fumi akalipuka. "Za mwalimu nazitoa dakika moja kabla! Nikizipika mpaka ziive, huyu mpaka ashuke kitini zimekuwa uji. Anapiga picha kama anamzika mtu! Nikizitoa mbichi zinamalizikia kuiva humo humo kwenye supu, naye anafurahi. Na si mimi peke yangu, msinitazame hivyo. Gari lake jeupe likisimama nje tu, mtaa mzima tunatoa tambi mapema."

"Mtaa mzima?" akauliza Nihei. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mtaa mzima. Isipokuwa Anzai. Yule kichwa ngumu."

Hapo Hasunuma akacheka mpaka akashika meza. "Wewe Nihei! Zile tambi za Anzai, ulizoziita maiti, unajua anazinunua wapi? Kwangu. Na hizi za Fumi zenye uti wa mgongo? Kwangu. Mashine moja, unga mmoja, sanduku moja, zinapanda gari moja alfajiri. Miaka mitatu unasifu tambi zangu upande huu wa barabara na kuzitukana upande ule! Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha!"

Mtu mwenye haya angeomba ardhi ipasuke. Nihei alifunika lenzi kwa kifuniko chake, akakifunua, akakifunika tena. Mabakuli mia sita. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa ameonyeshwa la kwake mbele ya mashahidi, na bado akawa anatafuta njia ya kulizunguka.

Akaja Anzai. Hakujua kilichotokea na hakuuliza. Alipika kama anavyopika kila siku, akayaweka mabakuli matatu chini, akasimama ukutani mikono nyuma. Natsuki alisimama kando yake, amejiuma mdomo. Nihei alipiga picha moja tu, ya haraka, akiwa amekaa, akala.

Tambi zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri mno, na hilo lilimchoma kuliko kicheko cha mzee. Tambi nene, zilizopinda, zinazobishana na meno kidogo kisha zinakubali. Alizila akiwa mtoto, baba yake akimkatia nyama, na tangu awe mwalimu hakuwahi kuzila kabla hazijalainika. Hasunuma aliinua bakuli akanywa supu mpaka chini, akatoa tisini na mbili. Mwenyekiti tisini. Nihei naye akatoa tisini. Mkahawa wa Anzai ukaingia kwenye kijitabu, Natsuki akalia waziwazi, na mambo yangeweza kuishia hapo kwa heri.

Lakini ilibaki ile sentensi moja ya chini ya picha, na kazi ya kuiandika ilikuwa ya Nihei. Alikaa nayo siku mbili. Neno lilikuwa moja, nalo ni "nilikosea." Ila akiliandika hilo, mabakuli mia sita yanamwagika, yule wa Niigata anajua, na mwalimu anarudi kuwa msomaji wa mita. Basi akaandika hivi, na nakala elfu tatu zikachapishwa: "Mkahawa wa Anzai: baada ya juhudi za kupongezwa, tambi zake zimeboreka sana."

Zimeboreka! Mtu amechemsha tambi zile zile, kwa maji yale yale, kwa dakika zile zile, miaka arobaini.

Jumatatu iliyofuata Nihei aliingia kwa Anzai na vijitabu kumi mkononi. Nasema kweli, alikwenda akitarajia shukrani. Wateja walikuwa wanane na wote walikuwa wanafyonza. Akakaa mezani, akaweka mfuko wa kamera kando.

"Nimekuletea hivi, Kikuo. Nilidhani kimoja utakitundika."

Anzai alijipangusa mikono. Hakwenda jikoni, alikwenda dirishani, kwenye kabati la kioo ambamo mikahawa yote huweka vyakula vya plastiki vya kuwaonyesha wapita njia. Akafungua, akatoa bakuli la rameni ya plastiki, nyama ya plastiki, vitunguu vya plastiki, vumbi juu ya supu. Akaja nalo kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaliweka mbele ya Nihei.

"Piga hili. Hili halilainiki hata ukikaa nalo mpaka jioni."

Mtu mmoja alipaliwa na supu.

"Kikuo, bwana, watu wanasikia."

"Waache wasikie. Wenzangu wote walikupikia kama mgonjwa, kila mtu anatoa mapema ili bwana mkubwa asikasirike. Mimi miaka mitatu nimekupikia kama mtu. Unajua kwa nini?"

Nihei akatikisa kichwa.

"Kwa sababu baba yako alikuleta hapa ukiwa huna meno ya mbele, na ulikuwa unalia tambi zikichelewa. Nikasema, mwache huyu. Mwache apande viti. Siku moja ataingia akiwa na njaa." Alikigusa kijitabu kwa kidole kimoja. "Kumbe mimi ndiye niliyeboreka."

Hakuna aliyefyonza. Nihei alilitazama bakuli la plastiki. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, kama desturi yake kila asubuhi, ili ulimi uwe safi kwa kazi, na harufu ya supu kutoka jikoni ilimfikia. Aliona aibu, aibu ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu anunuliwe kamera.

"Nina njaa," akasema.

"Sikusikia."

"Nina njaa, Kikuo."

"Ahaa," akasema Anzai. "Basi njaa yako nayo imeboreka."

Akarudi jikoni. Hakusema kama anakwenda kupika au hapiki, na Nihei, na vijitabu vyake kumi, hakuthubutu kuuliza.