Mnada wa Mawe ya Sadaka

Nisikilize polepole, wewe uliyekaa nami hapa, wala usiwe na haraka ya kunihukumu. Nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote ya kazi, na nimezoea kueleza jambo kuanzia chini, mpaka mtoto aliyekaa nyuma kabisa anielewe. Leo nataka kukueleza jinsi nilivyomlipiza mtu kisasi mbele ya kanisa zima, na kwa nini nikikumbuka siku ile hupata usingizi mzuri.

Kwanza uelewe mwinjilisti wa kijijini ni nani. Si mchungaji. Mchungaji ana nyumba ya kanisa na ana mshahara, hata kama unachelewa. Mwinjilisti hupelekwa mahali ambapo hakuna kanisa, labda kuna zizi la ng'ombe na kisima, akaambiwa: anza. Atajenga kibanda, atafundisha watu kusoma, atakaa na wagonjwa, atazika. Mwaka wa kwanza hana shamba la kumtosha, kwa hiyo waliomtuma ndio wanaomlisha. Na kwa wafugaji wetu wa Kisukuma, baba ambaye watoto wake wanazunguka na bakuli kwa majirani hawezi kumfundisha mtu neno lolote. Watamsalimia, watampa maziwa, watamhurumia. Kumsikiliza, hapana.

Mwinjilisti ninayemsema ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Mama alifariki yeye akiwa bado anajifunza kufunga vifungo vya shati, nikamlea mimi. Alipochaguliwa kwenda kwa wafugaji, mwendo wa kutwa nzima kwa baiskeli kutoka mjini kwetu, nililia kwa furaha.

Mji wetu ni mdogo, wa wachimbaji, upande wa Bulyanhulu. Fedha za kuwatunza wainjilisti hutoka mnadani. Jumapili za msimu wa mavuno kila mtu huja na alichonacho: kuku, debe la mpunga, mayai, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Ibada ikiisha tunatoka nje, vitu vinapangwa chini, na mnadi anaviuza. Anayenunua mara nyingi hukirudisha kitu, kikauzwa tena. Nimewahi kumuuza jogoo mmoja mara nne mpaka akachoka, akalala. Mnadi ni mimi. Walinichagua kwa sababu ya sauti ya darasani.

Mwaka aliotumwa mdogo wangu mvua zilikatika mapema. Pamba ilikauka, mpunga ukawa makapi. Tulikuwa tumekata tamaa alipojitokeza bosi. Kwetu bosi ni mtu yeyote mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, lakini huyu alikuwa nayo kadhaa, na gari refu jeupe. Alileta viroba kumi vya mawe juu ya trekta, wakati watu bado wanaimba. Akasimama mbele akasema, "Hii ni dhahabu ya wainjilisti. Msage, mchenjue, mwaka mzima mtu asiwe na njaa." Watu walipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Wiki iliyofuata alipewa kiti cha mbele, pamoja na wazee wa kanisa.

Sasa nieleze kosa tulilofanya, maana ni kosa la watu wa kwetu tu. Mahali kama hapa hakuna mtu anayenunua kiroba cha mawe bila kukipima. Unachukua kipande, unakitwanga, unaosha unga wake kwenye karai, unaangalia chini kama kuna mstari wa njano. Hata mtoto anajua. Lakini ile ilikuwa sadaka, na sadaka, tuliambiana, haipimwi. Kupima ingekuwa kumwambia mtoaji kwamba ni mwongo. Basi hatukupima. Mdogo wangu akaondoka na mkewe na watoto, na ahadi yetu mfukoni.

Mawe yalipelekwa karasha, kwenye mashine ya kusaga. Hayakuwa na kitu. Mwenye mashine akadai malipo ya kusaga, na tukamlipa kwa kile kidogo kilichotoka kwenye kuku na michembe. Kamati ya uinjilisti iliinamisha vichwa kwa aibu. Bosi alipoelezwa alitikisa kichwa akasema, "Dhahabu ni bahati, Mwalimu. Hata mimi hunikimbia." Nilimwamini. Duara zuri nalo hutoa mawe matupu, na sikumwekea kinyongo.

Mdogo wangu alivumilia kule kabla ya kushindwa. Watoto walianza kuzunguka na bakuli. Siku moja mama mmoja mfugaji akamwambia kwa upole kabisa, "Baba, rudi kwenu ukashibe kwanza, halafu uje utufundishe." Alirudi kwa miguu, baiskeli ameiuza, mtoto mdogo mgongoni. Na kwa kuwa kazi nyingine haikuwepo, alishuka kuchimba kwenye duara la bosi yuleyule.

Haya yalikuwa bado ni mambo ya kulia, si ya kisasi. Kisasi kilianza asubuhi moja kwa mama lishe, karibu na maduara. Nilikwenda kununua vitumbua. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, matope mpaka masikioni, anakula ugali na wenzake. Bosi akasimamisha gari, akashusha kioo.

"Mhubiri," alimwita. "Kule Mungu alikupa nini?"

Mdogo wangu akasema, "Maziwa, bosi."

"Na huku mimi nakupa nini?"

Bosi akawageukia wengine. "Huku anakula ugali na dagaa. Basi niambieni, kati yangu na Mungu wake, nani ana mkono mrefu?"

Wakacheka. Si wote, lakini walicheka, maana ndiye anayewalipa. Mdogo wangu aliangalia sahani. Mimi nilichukua vitumbua vyangu, nikamwambia mama lishe wabeja, asante, nikaenda zangu.

Siku hiyohiyo nilimpikia mdogo wangu, nikamuuliza jambo nililokuwa nimeanza kulishuku. "Unafanya kazi pale. Vile viroba vya sadaka vilitoka chini ya duara lipi?"

Akatafuna muda mrefu. "Dada, niahidi hutasema."

"Nakuahidi."

"Havikutoka chini. Vijana waliovijaza wananichekea kila siku. Walivijaza pale nje, kwenye kifusi. Ni magwangala."

Magwangala ni mawe yanayotupwa, yaliyokwisha kuonekana hayana kitu. Watoto huyapanda kuchezea. Nilisimama nikaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Nilikaa na hasira hiyo kama mwanamke anavyokaa na mimba. Niliilisha, nililala nayo, nilisubiri ikomae. Mama mchungaji aliniona nimekonda, akanishauri nimwombee yeyote aliyenikosea. Nilimwambia nimemsikia. Sikumwombea. Lakini nilikuwa nimeahidi kutosema, na mimi nikimwahidi mtoto kitu, nakitimiza. Kwa hiyo nilitafuta njia ya kumfunga mtu bila kusema neno juu yake.

Mavuno yaliyofuata yalikuwa ya wastani. Jumapili ya mnada trekta likaja tena, viroba kumi, watu wakaanza makofi. Safari hii bosi alitaka nafasi ya mwenyekiti wa kamati ya uinjilisti. Nikavuta pumzi, nikasimama na kipaza sauti.

"Mwangaluka," niliwasalimu, wakaitikia. "Leo tutarudisha desturi ya mama zetu. Kila aliyeleta kitu ndiye atakayefungua bei yake. Maana nani anajua thamani ya kuku kuliko aliyemlisha?"

Wakapenda. Nilianza na bibi mmoja mwenye michembe. "Shikamoo bibi. Unafungua bei gani?"

"Marahaba. Bei ya soda mbili."

"Bibi, hiyo ni ghali."

"Hujaionja wewe. Kama hawataki nainunua mwenyewe, nile na wajukuu."

Akainunua mwenyewe kweli, watu wakacheka, akairudisha, mwingine akainunua kwa bei ya soda nne. Nikaenda hivyo kwa kuku, kwa mpunga, kwa sabuni za kipande. Kila mtoaji alifungua bei ya kitu chake, na hakuna aliyeona haya. Kisha nikafika kwenye viroba. Nilimwinamia bosi kwa heshima yote.

"Bosi wetu, tunakushukuru. Kiroba cha kwanza. Tufungulie bei."

Akatabasamu. "Ah, Mwalimu, mimi nimeshatoa. Wacha wengine wanunue."

"Wengine watanunua. Wewe utufungulie tu, kama bibi."

Akataja bei. Ilikuwa bei ya kuku mmoja. Watu waliacha kunong'ona. Pale kila mtu alijua kiroba cha mawe ya dhahabu kinauzwaje. Nikamsubiri, kama ninavyomsubiri mtoto aliyeandika jibu ambalo yeye mwenyewe haliamini.

"Nieleweshe, bosi," nilisema taratibu. "Mawe haya ni ya dhahabu?"

"Ndiyo."

"Na wewe ni mtu wa dhahabu. Dhahabu kwa bei ya kuku, si utaitaka wewe wa kwanza?"

Kutoka nyuma, mke wa mchimbaji mmoja akapaza sauti. "Mwalimu, nyumbani kwangu si mbali. Nilete karai tuoshe kidogo, watu wapate moyo wa kununua?"

Sikuwa nimempanga. Namshukuru mpaka leo. Wanaume kadhaa waliinama kuficha vicheko, na nikajua kwamba siri niliyoahidi kuitunza ilikuwa imeshatembea duara zima. Bosi alimtazama yule mama, akatazama viroba, akamtazama mchungaji, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hakuna haja ya karai," akasema. "Nanunua mwenyewe. Bei ya mbuzi."

"Bei ya mbuzi, mara ya kwanza," nikasema. "Michembe ya bibi ilikwenda mpaka mara mbili ya bei yake."

"Bei ya ndama."

"Ya ndama. Anayeongeza?" Hakuna aliyeongeza. Nikampa muda. Jua lilikuwa linampiga usoni, nami nilisimama kwenye kivuli. "Kimenunuliwa. Na kwa desturi yetu, bosi, unakichukua au unakirudisha?"

Angekichukua, angeonekana anabeba sadaka. "Nakirudisha," akasema, na palepale akaona alipoingia.

"Wabeja. Kimerudi. Tufungulie bei."

Yule bibi wa michembe alianza kucheka kwanza, kicheko chembamba kisichokoma, kikaenda kwa mwingine, kikaenda kwa wote. Aliyanunua magwangala yake mwenyewe, kiroba kwa kiroba, maana kukataa kulikuwa kuliita karai, na kile cha kwanza alikinunua mara mbili. Sikuharakisha. Nilitamka kila bei kwa ukamilifu, kama ninavyosomesha silabi, na kila alipotaka kuketi nilimwomba asimame ili watu wa nyuma wamwone. Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Hakucheka.

Jioni alinijia. "Dada, umemlipiza."

"Ndiyo."

"Katika nyumba ya Mungu."

"Nje. Mnada hufanyika nje."

Akaketi. "Ingetosha kuyakataa mawe yake."

"Ungekula kukataa?"

Akamgeukia mkewe, aliyekuwa mlangoni anasikiliza, na uso wa mkewe ulikuwa upande wangu.

Fedha za bosi zilinunua magunia ya mahindi, mpunga wa Kagongwa, baiskeli yenye mipira mipya, na dawa za kutosha. Mvua za kwanza zilimkuta mdogo wangu ameshafika kule, jembe mkononi, na watoto wake wanakula kwao. Yule mama mfugaji aliyemwambia arudi akashibe alikuja kumtazama, akachungulia chungu jikoni, akakaa chini. "Haya," alimwambia, "sasa tufundishe." Mdogo wangu yuko kule hadi leo.

Bosi hanisalimii. Gari lake likinipita nampungia mkono, kila mara, hata nikiwa na mzigo. Alihamia kanisa lingine upande wa pili wa mji, na nasikia ameanza kuwaahidi viroba. Nimemtembelea mnadi wa kule, dada mzuri, mwepesi wa kuelewa. Tulikunywa chai nikamfundisha yote.

Nawe ukiwa na wainjilisti wa kulisha, unaweza. Si jambo gumu. Mtu akileta sadaka yake na watu wakaanza kupiga makofi, mwombe afungue bei yeye mwenyewe. Kisha nyamaza, umsubiri.