Watoto Sita wa Kalunde

Watu wa upande wa Nunguni walimsifu Kalunde kwa jembe. Kundi la akina mama lilipochimba matuta ya kuzuia udongo, wengine waliimba. Yeye alichimba kimya, na sehemu yake iliisha kabla ya za wote. Walidhani ni bidii. Ilikuwa hasira, nayo ilikuwa na umri wa miaka kumi na minane.

Mwaka wa 1961 alijifungua mtoto wake wa kwanza. Kwa desturi, mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo bado ni wa mizimu, hajawa mtu. Huyu alikufa siku ya pili, alfajiri. Mama mkwe wake, Kaluki, alimfukia nyuma ya zizi, akarudi akinawa mikono. Alimwambia Kalunde kwamba asiye na jina haliliwi, na machozi yangewafungia wengine njia. Akamfunga matiti kwa leso ili maziwa yakauke. Siku ya nne Kalunde alikuwa mtoni akichota maji. Nzomo, mumewe, hakuuliza neno. Mwaka uliofuata alizaliwa Mutie, na tangu hapo kila mtu akamwita Mama Mutie, kana kwamba tumbo lake lilianzia hapo. Wakafuata wanne wengine. Nyuma ya zizi, palepale, Nzomo alipigilia kigingi cha kufungia ndama.

Ikaja sensa ya 1979. Karani alikuwa Mwalimu Mwangangi wa shule ya msingi, aliyeketi uani, karatasi zake magotini. Nzomo, mzee wa kanisa, alijibu kila swali kwa niaba ya nyumba. Alipoulizwa mama amezaa watoto wangapi, alicheka.

"Andika watano, Mwalimu. Wote wazima. Kwangu hakipotei hata kifaranga."

Kalunde alikuwa akipepeta ndengu. Akaweka ungo chini.

"Andika sita," alisema.

Kaluki, aliyekuwa akiota jua, alisema yule hakuwa mtoto. Nzomo, kwa upole wake wa kanisani, akasema Bwana ameshafuta mambo ya kale. Mwalimu naye akanung'unika kwamba akifuta, karatasi itachafuka na mkubwa wake atamrudishia. Akainuka aende zake.

Kalunde alichukua jembe lake, akasimama kwenye njia ya kutokea bomani.

"Mwalimu, serikali imekutuma uniulize mimi. Huyu mwanamume alizaa lini? Nimechimba matuta ya kijiji kizima nimefunga mdomo. Futa. Ichafuke."

Mwalimu aliketi, akafuta. Akapuliza vumbi la kifutio, kisha akauliza lililofuata kwa sauti ya kazi tu, macho kwenye karatasi: "Aliyefariki ni wa kike au wa kiume?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Wa kike."

Nzomo alimgeukia. "Hukuniambia."

"Hukuuliza."

Mwalimu alipoondoka, Kalunde alikwenda nyuma ya zizi, akaking'oa kile kigingi kwa mikono miwili na kukitupa. Akaanza kukusanya mawe na kuyapanga pale kwato zilipokuwa zimekanyaga miaka yote hiyo. Alilia huku akipanga, kwa sauti, kama mtu anayegomba. Mtoto akampa jina la mama yake mzazi, Syokau, na akalitamka kwa nguvu ili limfikie Kaluki alipoketi.

Nzomo alikuja akasimama mbali kidogo. "Mama Mutie," aliita. Kalunde hakugeuka. Nzomo akaita tena, Kalunde akaweka jiwe jingine. Mara ya tatu Nzomo akasema, "Kalunde," jina ambalo hakuwa amelitaja tangu walipokuwa wachumba.

Ndipo akageuka.

"Sasa ndama tutamfunga wapi?" aliuliza Nzomo.

"Muulize mama yako," alisema Kalunde. "Mlangoni pake pana nafasi."