Askari wa Mwisho Kulia

Saa mbili asubuhi, Mama Lenzi ameshaiinamia meza yake ya kioo yenye taa chini. Jicho moja kalifumba, jingine limeganda kwenye lenzi. Ukimsalimia sasa hivi utajibiwa na kisogo.

Anachunguza picha za mazoezi ya jeshi, za kabla ya vita. Vijana wanatambaa kwenye nyasi, wanaruka mitaro, wanalenga shabaha kwa bunduki za mbao. “Waangalie, jamani! Wanacheka,” anasema fundi huyu wa kufufua picha kuukuu. “Hawajui kinachowasubiri.” Anafuta macho, kisha anasingizia vumbi.

Picha hizo ni za bibi mmoja ambaye baba yake hakurudi kutoka vitani. Alimwacha mchanga, hata sura hakuijua. Picha aliyoitunza mama yake, ya askari waliojipanga mstari, ililiwa na mchwa, kikabaki kipande cha filamu chenye picha hiyo na hizi za mazoezi. Bibi akakipeleka studio moja, wakamchapia nakala. Alikumbuka maneno ya marehemu mama: “Baba yako ni wa mwisho kulia.” Basi akamkuza askari wa mwisho kulia, akamtundika sebuleni. Miaka nenda miaka rudi, anamwamkia kila asubuhi.

Mwezi uliopita aliileta nakala pamoja na filamu, baba aondolewe madoa. Mama Lenzi, mtoto wa fundi cherehani, macho yakamwendea kwenye mashati. Vifungo vyote vilikuwa upande wa kike.

“Nikasema, toba! Jeshi zima limevaa blauzi?” anasimulia, akicheka. Kicheko hakikudumu. Filamu ilichapwa ikiwa imegeuzwa. Wa kulia alikuwa wa kushoto.

“Nilitamani nikae kimya. Unamwambiaje mtu kwamba huyu si baba yake?”

Alimwambia. Bibi akaishika lenzi kwa mikono miwili, akamtazama kijana wa upande wa pili, mwembamba, masikio yamesimama. “Masikio yangu haya!” akasema, akalia kama mtoto. “Shikamoo, baba. Nisamehe, nimechelewa.”

Fundi akauliza yule wa sebuleni afanyweje, atupwe?

“Atupwe? Weee! Huyu kanilea, mwanangu. Naye ana watu wake mahali.”

Ndiyo maana wiki hii Mama Lenzi anamshughulikia askari asiyejulikana jina. Akimaliza, atamweka kwenye dirisha la studio, uso uelekee barabarani.

“Huenda akapita mwenye baba yake,” anasema, “akamwona.”