Nilimchokoza mke wangu ili nipate maneno ya kitabu

Nimekosa, na nilikosa kwa makusudi. Nalisema hili mapema ili usije ukanihurumia katikati ya habari. Sikulewa, sikushawishiwa na rafiki mbaya, wala shetani hakunipitia. Nilikaa chini na akili zangu zote nikapanga namna ya kumkasirisha mke wangu kila wiki, kwa faida ya riwaya.

Jina langu silitaji. Kalemie ni mji mdogo, na watu wa hapa wakikupata na jambo watakuita nalo mpaka kwenye matanga yako. Mimi ni karani bandarini, naandika mizigo inayoshuka kutoka Kigoma. Mke wangu, tumwite Mama Neema, ni mshonaji, na cherehani yake iko barazani kwetu. Tuna watoto wawili na miaka kumi na minne ya ndoa.

Riwaya nilianza kuiandika miaka mitatu iliyopita, kwenye madaftari ya shule. Inahusu bwana mmoja wa reli na mke wake. Nilipomaliza daftari la nne nikampa rafiki yangu, mwalimu wa sekondari, asome. Alikaa nayo wiki mbili, akarudi na uso wa mtu aliyetumwa kupasha habari ya msiba.

"Ndugu, safari ya treni ni muzuri, mvua nayo ni muzuri," akaniambia. "Lakini hawa watu yako, wakifungua kinywa, wanasema sawa matangazo ya serikali pa komini. Bibi anakasirikia bwana yake, anamuambia 'nasikitishwa na mwenendo wako'? Mu Kalemie hii? Ni bibi gani huyo?"

Yaliniuma, kwa sababu yalikuwa kweli. Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea, nikaingia na viatu vyenye tope hadi katikati ya kitambaa cha mlangoni ambacho mke wangu alikuwa amekifua asubuhi. Akainua kichwa kwenye cherehani.

"Papa Neema, hii kitambaa nilitandikia nani? Nilitandikia mbuzi? Hata mbuzi, ikifika pa mulango ya wenyewe, inasikiaka haya kidogo."

Nilisimama palepale. Miaka kumi na minne nimekaa na kisima uani kwangu, na maji naenda kuomba kwa jirani! Nikakimbilia kabinee, choo chetu cha uani, nikafunga mlango, nikaandika maneno yale yote nyuma ya karatasi ya mizigo kabla hayajapoa. Siku iliyofuata nikayatia katika riwaya. Mwalimu aliposoma alipiga paja. "Sasa huyu njo bibi," akasema.

Shida ilikuwa moja tu. Mama Neema ni mpole. Anaweza kumaliza wiki mbili bila kugomba. Wanaume wa mtaa mzima walinionea wivu kwa tabia hiyo, lakini mimi nikaanza kuiona kama mtu anayejenga anavyoona uhaba wa matofali.

Basi nikaanza kumchokoza. Nilisifia sombe, yaani kisamvu, ya jirani nikiwa bado natafuna ya kwake. Akaniambia: "Ni tamu kuliko yangu? Enda ukae kule. Lakini ukifika umuambie mapema mwenye kukoromaka usiku na kinywa wazi ni weye, asizani kuna muntu anapasua mbao." Nikaenda kabinee.

Nilisema samaki wake, mikebuka ya ziwani, haifikii ile ya marehemu mama yangu. Akaweka mwiko chini. "Mama yako, Mungu amulaze pema, alikulisha miaka makumi mbili na alinipatia weye ukiwa mifupa tupu. Nimekunenepesha, sasa umepata nguvu ya kunishitaki." Nikaenda kabinee mbio, nikakaa humo muda mrefu, maana hayo yalikuwa mengi.

Na sasa sikiliza unyama wangu. Mke wangu aliona ninavyokimbilia uani kila baada ya chakula, akaamini tumbo langu limeharibika. Akawa anachuma majani ya mapera na kunichemshia, kikombe kila asubuhi. Mimi nikanywa. Yalikuwa machungu ajabu, nikayanywa mwezi mzima na kusema aksanti, na kalamu iko mfukoni.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa nakuandikia. Lakini riwaya ilifika pale ambapo yule bwana wa reli ana mwanamke wa nje, yule tunayemwita huku kwetu biro ya pili, na mke wake anagundua. Ilikuwa sura kubwa kuliko zote. Mwalimu alikuwa ameshaniambia kitabu kitasimama au kitaanguka hapo. Nami sikujua mwanamke anasema nini siku kama hiyo, kwa kuwa sikuwahi kuwa na mwanamke wa nje. Unaona jinsi uaminifu unavyoweza kumharibia mtu kazi.

Nikaenda sokoni nikanunua kikwembe kipya, kitenge cha rangi ya zambarau yenye maua ya njano, rangi ambayo Mama Neema hata akipewa bure hawezi kuivaa. Nikakiweka kwenye mkoba wangu wa kazi, ncha moja ikichungulia nje. Jumamosi asubuhi nikauacha mkoba juu ya meza, nikakaa kitini na gazeti la zamani, daftari limo ndani ya gazeti. Nilikuwa nimechonga penseli mbili kwa hofu kwamba kalamu itashindwa kufuata mwendo.

Akaja. Akaiona ile ncha, akaivuta. Akakikunjua kikwembe chote, akakipapasa kwa vidole kama anavyopapasa vitambaa vya wateja. Akanitazama. Mimi nikatazama gazeti, moyo unanidunda kwa furaha. Akageuka, akatoka nacho barazani.

Nikasikia cherehani. Nikajisemea, anakusanya nguvu, acha akusanye. Cherehani ikalia mpaka saa nane mchana. Halafu akaingia na blauzi na sketi, vimeshonwa, vimepigwa pasi, vimekunjwa, akaviweka mbele yangu juu ya lile gazeti.

"Papa Neema, nimeshona. Umupelekee. Kama itamukaza, alete, nitafungua pembeni." Akaondoa uzi kwenye mkono wa blauzi. "Bugali iko mezani."

Ni hayo tu. Na unajua nilifanya nini? Mungu anisamehe, kabla sijaogopa niliandika.

Hofu ilikuja jioni, na ikakaa. Kuanzia siku hiyo mke wangu hakusema neno lisilo la lazima. Nilimwambia hakuna mwanamke, akajibu "sawa." Nilimwambia nilikuwa natania, akajibu "sawa." Jumatano nikaona ametoa sanduku lake chini ya kitanda na kulifuta vumbi. Ndugu zake wako Nyunzu, na mjomba wake ni mtu asiyependa maelezo marefu. Nikajua mambo yakifika kule, nitakuwa sina mke.

Mama Neema ni mtu wa taratibu, akaanza na wanaostahili kusikia kwanza. Jumapili baada ya misa wakaja parrain na marraine wetu, wale mume na mke waliotusimamia siku ya ndoa. Papa Parrain ni mzee mstaafu wa reli. Mama Marraine ni mnene, mcheshi, na hakuna ndoa mtaani asiyoijua ndani na nje. Wakaketi. Lile vazi la zambarau lilikuwa mezani kama kielelezo cha mahakama.

"Jina yake ni nani?" Papa Parrain akaniuliza.

"Papa, hakuna mwanamke."

"Na hii kikwembe?"

"Nilinunua mimi mwenyewe."

"Ya nani?"

"Ya kitabu."

Papa Parrain akamgeukia mke wake, akanigeukia tena. "Mwanangu, mi niko muntu muzima. Nimesikia mingi. Mwengine aliniambia kikwembe ni ya dada yake. Mwengine aliokota mu njia. Ya kitabu, hapana, leo njo mara ya kwanza."

Nikaeleza. Nikaeleza dialogi za riwaya, nikaeleza mwalimu, nikaeleza komini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Mama Marraine akanionea huruma. "Mutoto, afazali useme jina, tukuombee, iishe."

Ikabidi nilete ushahidi. Nikaenda kabinee, nikalitoa daftari nilimokusanya maneno yake, nililolificha chini ya bati, nikarudi nalo mbele ya wageni. Harufu yake sitaisimulia. Papa Parrain hakuja na miwani, akasukuma daftari mbali kidogo na pua yake, akasema, "Soma weye. Kwa sauti, tusikie wote."

Nikasoma ya mbuzi. Mama Marraine akacheka mpaka akajifunika uso na kitenge. Nikasoma ya jirani na mbao. Papa Parrain akakohoa ule ukohozi wa mtu anayezuia kitu. Na hapa, ndugu yangu, ndipo nilipopotea kabisa. Nilinogewa! Miaka mitatu naandika, sijawahi kuwa na wasikilizaji watatu. Nikasimama. Nikaanza kuigiza sauti. Nikamsahau mwenye maneno, ambaye alikuwa ameketi hapo hapo anatazama sakafu.

Kwa ule mwendo nikasoma hata yale niliyojiandikia pembeni. "Sauti ilipanda kwenye mbuzi. Kurudia viatu Alhamisi." Mama Marraine akaacha kucheka. "Habari ya mama inafaa sana, lakini ngoja kwanza apone mafua." Nikasikia mwenyewe nilichokisoma, nikageuza ukurasa haraka. Ukurasa wa pili ulikuwa na mstari mmoja. Nikataka kuuruka.

"Unaruka nini?" akauliza Papa Parrain. "Soma."

Nikausoma. "Leo amecheka mchana kutwa, akaniwekea kichwa cha samaki. Hakuna kitu. Siku imepotea."

Mama Neema akainuka, akalichukua daftari mikononi mwangu, akautazama ule mstari kwa macho yake kana kwamba sikuusoma sawasawa. Kisha akanirudishia.

"Nilizani nagombana na bwana yangu," akasema. "Kumbe nilikuwa nasema na karani."

Tulisuluhishwa, ukitaka kujua. Papa Parrain akakubali kwamba mwanamke hayupo, ingawa alisema kosa la mwanamke angalau angelielewa. Nikatozwa jogoo na kuomba msamaha kwa magoti, nikatoa vyote viwili siku hiyohiyo. Mama Marraine akalibeba lile vazi, akisema nguo isiyo na mwenyewe inaleta mikosi ndani ya nyumba. Sanduku likarudi chini ya kitanda. Nyunzu hawakujua kitu. Nikadhani nimepona.

Sasa ni mwezi wa nane tangu siku ile. Nyumba yangu ni tulivu kuliko kanisa siku ya kazi. Nikichelewa: "Pole na kazi, Papa." Nikisahau minerval, ada ya shule ya watoto, mpaka wanarudishwa nyumbani: "Hakuna shida, Papa, utalipa kesho." Nikikoroma nahamishwa kichwa polepole, bila neno. Majirani wananisifu kwamba nimeiweza nyumba yangu. Ya rohoni anayapeleka kwa Mama Marraine, kila Ijumaa. Nilimfuata yule mama nikamwomba anigusie hata kidogo anayosema. Akafuta machozi ya kicheko. "Ile ya juzi juu yako, mutoto, nilikosa pumzi. Lakini siwezi. Aliniapisha."

Riwaya imesimama kwenye daftari la sita. Sina hamu nayo. Wala si maneno ya kitabu ninayoyatafuta tena, nayataka yale yaliyokuwa yangu.

Juma lililopita nilitaka kumsaidia kazi. Nikachukua pasi ya makaa, nikaiweka juu ya gauni jeupe la mteja, la komunyo ya kwanza ya binti yake, nikageuka kumjibu mtu barazani. Unajua kilichotokea. Mama Neema akaja kwa harufu. Akaliona lile tobo la kahawia katikati ya kifua, ukubwa wa pasi nzima, naye amelishona siku nne. Akavuta pumzi. Nikaona maneno yanapanda kooni kwake, mengi, ya moto, nikakaribia kupiga magoti kwa furaha.

Kisha akanitazama mikono, huu na huu. Ilikuwa mitupu. Akainua macho mpaka kwenye mfuko wa shati langu, na kalamu ya bandarini ilikuwa pale, kama ilivyo kila siku tangu niajiriwe.

"Si kitu, Papa," akasema. "Nguo inashonwaka tena."

Akaketi kwenye cherehani, akaanza kupima kitambaa kingine.

Ndugu zangu mnaoandika, na ninyi msioandika lakini mna simu mkononi wakati mke anaongea, nisikilizeni mimi mpumbavu. Mtu akikugombeza nyumbani kwako, jua bado anakuhesabu kuwa mtu anayesikia. Weka chini ulichoshika, mgeukie, ujibu, hata kama jibu lako ni baya. Usipojibu hatakupiga wala hatakukimbia. Atakuheshimu, na heshima ya namna hiyo simwombei hata adui yangu.