Maiti ya Mitiki Juu ya Meza

Majina sitayaandika. Katekista wetu, anayeninyooshea herufi, amenishauri hivyo, nami nimemsikiliza kwa hilo tu. Kazi zao nitazitaja. Wa kwanza ni mratibu wa mradi. Wa pili ni mwenyekiti wetu wa kijiji. Wakisoma watajijua, na ndivyo ninavyotaka.

Mwaka ule mto Mkondoa ulipovunja tuta, maji yalilala kitandani kwangu siku tatu. Mama yangu yalimchukua asubuhi nikiwa nimemshika mkono. Nilibaki na bangili yake. Nyumba niliyojenga baadaye iko hatua chache kutoka ukingoni, maana kiwanja kingine sina. Ukingo ukimeguka tena, wa kwanza kwenda ni mimi.

Kwa hiyo ulipokuja mradi wa kurudisha uoto na, kama walivyosema wenyewe, kuwaunganisha watu upya na mto wao, nilijitokeza kuwa mlinzi wa miche. Kuungana na mto nilikuwa nimeshaungana nao vya kutosha. Nilichotaka ni ukae kwake, nami nikae kwangu.

Tulipelekwa Mikumi kwenye semina, ukumbi ulio kando ya barabara kuu. Ukutani palikuwa na karatasi ndefu yenye vyumba vyumba, kila chumba na kazi yake na mwezi wake. Mratibu akatueleza: chumba cha kijani kazi imekwisha, cha njano inaendelea, chekundu imekwama. Niliishia darasa la nne, lakini rangi nazijua. Nilipekua vyumba vyote nikitafuta masika. Sikuyaona.

"Mratibu, mvua iko chumba gani?"

Ukumbi ukacheka. Akanijibu kwa upole, ule wa kumbembeleza mgonjwa. "Mama, mvua si shughuli ya mradi. Tumeiweka kwenye vihatarishi."

"Kwetu mvua ndiyo inayopanda. Sisi tunachomeka tu."

Wakati wa chai akanifuata. Kumbe kwao ni huko magharibi reli iendako, na watu wa kwao na wa kwetu ni watani tangu enzi za misafara.

"Ndiyo maana unabisha," akasema. "Babu zetu walipopita hapa na mizigo waliwakuta nyie mmelala."

"Na walipolala wao kwa baridi tukawafunika. Bila hivyo ungekuwepo wewe?"

Akacheka hadi akamwaga chai. Kuanzia siku ile akaniita mtani. Neno hilo alilileta yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mwezi wa nane lori likaja limejaa miche ya mitiki. Mimi nilikuwa nimesema matete, mianzi na mikuyu. Mtiki ukikua unatandaza jani kama sinia, chini yake nyasi hazioti, udongo unabaki mtupu, na tone likidondoka kutoka kwenye jani lile linachimba. Ng'ambo ya mto, ilikopandwa zamani, wanalijua hilo hata watoto.

"Matete si mti, mtani," mratibu akasema. "Kwenye ripoti tunahesabu miti."

"Basi subiri mvua."

"Robo mwaka inafungwa. Kile chumba lazima kiwe kijani."

Mwenyekiti akadakia, "Mama huyu anabishana na wataalamu. Endeleeni." Na ni yeye aliyeleta watu wenye mapanga, wakafyeka matete yaliyokuwa yamesimama, ili mistari ya miche ionekane vizuri kwenye picha. Yale matete ndiyo yaliyokuwa yamebaki yakiushika ukingo. Nilisimama nikayaona yakilala chini. Picha ikapigwa. Chumba kikawa kijani.

Nilibeba ndoo mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Nyonga yangu ya kushoto haijarudi sawa mpaka leo. Mitiki ikakauka hivyo hivyo, mche baada ya mche, huku nikiinywesha.

Mwezi wa pili, masika yakiwa bado, katekista akaja na nakala ya ripoti, maana yeye ndiye katibu wa kamati. Akanisomea jikoni. Upandaji ulikamilika kama ulivyopangwa. Miche ilikauka kutokana na uzembe wa mlinzi.

"Rudia."

Akarudia.

"Rudia tena."

"Dada, hata nikisoma mara kumi haibadiliki. Na Alhamisi wanakuja kukabidhi. Mwenyekiti akisaini, mradi umefungwa. Hawarudi."

Hapo nikaelewa. Ukingo mtupu, masika yanakuja, na mwenye kosa ni mimi.

Wengine wangelia. Mimi nilikumbuka neno mtani.

Asiyejua nimweleze: kwetu mtani akija msibani anaweza kulala kaburini, kuficha jembe, hata kumtukana marehemu. Mfiwa hakasiriki, akikasirika ni aibu ya ukoo mzima. Na maziko hayaendelei mpaka mtani akombolewe, yaani apewe anachodai.

Alhamisi ile waliweka turubai, viti, na meza yenye kitambaa. Mgeni mkubwa, wa wafadhili, alitoka Dar. Mwenyekiti alikuwa ameshashika kalamu. Ndipo nikatokea upande wa mtoni, nimejipaka majivu, kanga kiunoni, mikononi mitiki mikavu niliyoing'oa alfajiri, nimeivisha shuka jeupe kama maiti ya mtoto.

"Mtani wangu jamani," nikalia, "umefiwa, hata kuniita hukuniita."

Wanawake wakaelewa kabla sijafika. Wakapokea kilio. Nikailaza maiti juu ya meza, juu ya ile karatasi ya kusaini, nami nikaiegemea.

"Mtoeni huyu," akasema mwenyekiti.

Jirani yangu mmoja, muuza maandazi, akamjibu, "Mtani hatolewi, mwenyekiti. Anakombolewa. Au kwenu hamziki?"

Mratibu alicheka kwa meno tu. Akapeleka mkono mfukoni. "Haya, mtani, tumalize."

"Rudisha mkono. Marehemu hakufa kwa njaa, amekufa kwa kiu. Waambie wageni, mwanao alizaliwa mwezi gani?"

"Wa nane."

"Kwenu mwezi wa nane hunyesha?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mgeni mkubwa alicheka.

"Hapana."

"Na kabla ya kumzaa, pale palikuwa na nini?"

"Matete."

"Yakaenda wapi?"

Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaanza kuvichunguza viatu vyake. Mgeni mkubwa alikuwa ameacha kucheka.

Ukombozi niliutaja mbele ya mgeni huyo. Karatasi ndefu iletwe, chumba cha kupanda kipakwe nyekundu. Uzembe wa mlinzi ufutwe kwa mkono ule ule ulioandika. Na masika yakianza, wao wawili waje wayarudishe matete wenyewe, si kutuma vibarua. Mratibu alipaka rangi ile taratibu, kijasho kikimtoka. Nilimwambia asiache pembe. Karatasi ya kukabidhi haikusainiwa.

Walikuja kweli, kwa kuwa mgeni mkubwa alitaka picha za kila wiki. Mratibu aliingia majini mpaka kiunoni kukata vipande vya matete vya kupanda kwenye kona ya mto. Mwenyekiti alibeba tope kwa ndoo, ndoo yangu. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikitazama, na nilipochoka kukaa upande huu nikakaa upande ule.

Mkondoa ulipanda. Ulichukua kipande cha ukingo nyuma ya jiko, pale ambapo matete hayakuwa yameshika, na jiko likaenda nacho. Pale yaliposhika, uliyalaza, ukapita juu yake, ukaondoka. Nyumba imebaki.

Sasa watu wananiambia, yameisha, samehe. Mwenyekiti siku hizi anazunguka njia ya mbali asipite kwangu, na hilo linanipa usingizi. Mratibu hana njia ya kuzunguka. Kila robo mwaka lazima aje kukagua ukingo, na ukingo uko nyuma ya nyumba yangu. Juu ya mlango nimetundika ile maiti ndani ya shuka lake. Akifika anaanza, "Hodi, mtani."

"Karibu. Msalimie mwanao kwanza."

Anavua kofia. Mimi huangalia kama ameivua vizuri, asipoivua vizuri anarudia.